Jua, Mwezi na Mshipi Mwekundu: Safari ya Latvia na Lithuania

Alhamisi, 19 Juni. Riga

Nimetua Riga alasiri. Sasa ninapoandika ni saa nne usiku, na jua bado limekaa juu ya mapaa ng'ambo ya mto Daugava. Sisi wa Pwani tunaanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza, na hesabu hiyo inatufaa mwaka mzima kwa kuwa jua letu ni lile lile Januari na Julai. Huku isingedumu hata mwezi. Juni mchana wa Riga unakaribia saa 18. Ikifika Desemba hautimii hata saa 7. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini watu wa huku walilichonga jua, wakalifuma, wakaliimba, wakalitundika juu ya meza ya harusi.

Nimekuja kufuata nakshi za Wabalti, yaani Walatvia na Walithuania. Waestonia ni majirani zao, ila lugha yao ni ya ukoo mwingine, kwa hiyo safari hii nawapita. Katika maduka ya mji mkongwe kuna kadi zenye alama za kufumwa na jina chini ya kila moja: hii ni Jua, hii Nyota ya Asubuhi, hii Radi, hii ya Māra, hii ya Laima, miungu wa kike. Kadi zinasema hii ni elimu ya anga ya maelfu ya miaka. Nakshi hizi nazipenda tangu nilipoziona mara ya kwanza kwenye glavu, na kwa kuwa nazipenda nataka kujua nani aliyasema hayo, lini, na kwa ushahidi gani.

Ndiyo maana dukani sikukaa. Nimekwenda Maktaba ya Taifa, jengo refu la vioo lililosanifiwa na Gunārs Birkerts na kufunguliwa mwaka 2014. Humo kumehifadhiwa kabati la mbao la Krišjānis Barons, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, lililotengenezwa Moscow mwaka 1880. Lina droo sabini na ushee, na kila droo imegawanywa vyumba vidogo vidogo vilivyojaa vipande vya karatasi vya sentimita 3 kwa 11. Kila kipande kina wimbo wake, kwa kawaida mistari minne tu. Wimbo wa namna hii huitwa *daina*. Mkusanyiko ambao Barons alianza kuuchapisha mwaka 1894 na kuumaliza mwaka 1915 una nyimbo 217,996. Mwaka 2001 kabati hili liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Nimesimama mbele yake muda mrefu. Ndani ya daina anga ni ukoo mzima. Jua ni mwanamke, mama mwenye mabinti. Mwezi ni mwanamume. Wana wa Mungu wanapanda farasi kwenda kuposa mabinti wa Jua. Auseklis, Nyota ya Asubuhi, naye yumo katika habari za posa na harusi. Wimbo mmoja mashuhuri unasema Jua alimkata Mwezi kwa upanga mkali, kwa nini amechukua mchumba wa Auseklis? Kwa mistari minne umepata sababu ya mwezi kupungua, umepata na kesi ya ndoa.

Hapa hakuna wa kubisha. Waliokuwa wakiimba haya ni wakulima, wengi wao wanawake, na nyimbo ziliandikwa zilivyotoka vinywani mwao. Kwamba anga ilikuwa nyumbani mwao, hilo limethibitika. Kama ndiyo hiyo hiyo iliyokaa kwenye nguo zao, hilo ndilo ninalolitafuta.

Ijumaa, 20 Juni. Lielvārde

Treni ya kwenda Lielvārde inafuata Daugava kuelekea kusini-mashariki, mwendo wa kilomita hamsini hivi. Njiani inapita kituo kidogo kiitwacho Rumbula. Katika msitu ulio hapo kando, tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 1941, Wanazi na wasaidizi wao waliwapiga risasi Wayahudi wapatao 25,000. Hakuna aliyeshuka. Nimeandika jina la kituo kwenye daftari kwa sababu kesho kuna alama nitakayokutana nayo, na sitaki kuieleza kana kwamba mahali hapa hapakuwapo.

Lielvārde wanamkumbuka mshairi Andrejs Pumpurs, aliyetunga utenzi wa mwaka 1888 juu ya shujaa aliyempasua dubu kwa mikono. Makumbusho yake yako kando ya mto, ambao hapa umetanda kama ziwa kwa sababu ya bwawa la Ķegums. Mimi nilifuata mshipi.

Mshipi wa Lielvārde ni mwekundu kwa mweupe, sufu nyekundu juu ya kitani. Una upana wa kiganja na urefu wa mita tatu hivi, na mwanamke aliuzungusha kiunoni mara kadhaa juu ya sketi. Ukiutazama kwa mbali unadhani nakshi inajirudia. Sogea. Alama ya kwanza ni pembe nne iliyosimama kwa ncha, ya pili ina vijipembe vilivyokunjwa kwa ndani, ya tatu imefunguka ikawa msalaba, ya nne imevaa msalaba mwingine tumboni. Jicho linatafuta mahali pa kurudia, halipati. Mstari mwekundu unatoka alama moja na kuingia nyingine bila kukatika, mpaka mwisho.

Nimemkuta mama mmoja akifuma mshipi wa mtindo huo. Sikumsemesha sana, nilitazama vidole. Kwa kila mshindio mmoja anachagua nyuzi nyekundu zipi zipande juu na zipi zibaki chini, anazihesabu kimoyomoyo, anapitisha uzi, anaugonga kwa upanga wa mbao, anaanza kuhesabu tena. Aliyewahi kusuka ukili wa mkeka atamwelewa mara moja: ukikosa kamba moja hapa, kosa litakutokea mbele, nakshi ikiwa imeshapotoka.

Kumtazama kulinifungua macho. Kwenye mshipi wa kufumwa huwezi kuchora duara. Uzi unakwenda wima au ulalo, na mstari wa mshazari hupatikana kwa kuruka uzi mmoja kila safu. Kinachoweza kuzaliwa humo ni pembe nne za ncha, misalaba, mistari ya kupanda na kushuka, nyota za ncha nane. Jua likiingia kwenye mtande, lazima lipate pembe. Kwa hiyo nikiona pembe nne kwenye mshipi siwezi kuapa kuwa ni jua, kwa sababu pembe nne ingetokea hata kama mfumaji alikuwa akiwaza ng'ombe wake.

Mshipi huu umebebeshwa mengi. Wakati wa utawala wa Kisovieti, filamu ya Ansis Epners ya mwaka 1980 ilieneza fikra za Tõnis Vint, msanii wa Estonia, aliyeona ndani yake ujumbe wa kale kuhusu ulimwengu. Watu waliipokea kwa hamu, na nawaelewa: taifa lililofungwa mdomo lilijiona lina kitabu ambacho mtawala hawezi kukisoma. Lakini mishipi tunayoiona kwenye makumbusho ni ya karne ya 19. Walioifuma ni mabinti na wajukuu wa watwana; utwana katika eneo hili la Vidzeme ulifutwa mwaka 1819. Wanawake hao walikuwa na hesabu kichwani na ujasiri wa kutorudia nakshi kwa mita tatu. Hawahitaji siri ya maelfu ya miaka ndipo tuwavulie kofia.

Jumamosi, 21 Juni. Riga

Asubuhi makumbusho, jioni glavu.

Kwenye kabati za makumbusho kuna mabaki ya shali za wanawake wa Kilatgale, kabila la kale la mashariki mwa Latvia, zilizotoka kwenye makaburi ya karne ya 12 na 13. Sufu nyingi imeoza, shaba imebaki. Walikuwa wakipachika pete ndogo ndogo na vijibomba vya shaba ndani ya kitambaa, na kwa vijibomba hivyo wakatengeneza misalaba, pembe nne, na ndiyo, swastika pia. Kwa hiyo alama zenyewe ni za kale kweli. Umri wake hauna shaka. Shaka iko kwenye majina.

Majina mengi yaliyo kwenye kadi za dukani yanatokana na watu wachache wa miaka ya 1920 na 1930. Mkuu wao ni Ernests Brastiņš, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1892. Mwaka 1923 alichapisha kitabu juu ya nakshi za Kilatvia, akazipanga kwa makundi na kuyapa makundi majina ya miungu na nguvu za asili: Mungu, Māra, Laima, Jua, Mwezi, Radi, Jumis, Ūsiņš. Miaka michache baadaye akaanzisha dini ya Dievturi, aliyoijenga juu ya daina. Mchoraji Jēkabs Bīne aliendeleza kazi hiyo. Latvia ilikuwa taifa huru kwa mara ya kwanza, tangu 1918, na Brastiņš alitaka liwe na lugha yake ya alama. Wasovieti walipoingia mwaka 1940 walimkamata, na mwaka 1942 wakampiga risasi huko Astrakhan.

Sina kejeli naye hata kidogo. Alitembea vijijini, akachora, akapima, na kwa baadhi ya alama alikuwa na msingi imara. Jumis, kwa mfano, si jina la mezani. Wakulima walipokuta suke mbili zimeota kwenye bua moja waliziita Jumis na kuzipeleka nyumbani ili baraka ya shamba isikimbie. Alama ya mabua mawili yanayopishana na suke zilizoinamia nje inafanana na kitu kilichokuwa mkononi mwa watu. Lakini kumwambia mgeni kwamba kila mfumaji wa mwaka 1700 aliita kila msalaba kwa jina lililo kwenye kadi, hilo halina ushahidi. Ninakasirika kidogo kuona kazi ya Brastiņš imefutiwa jina lake na kuuzwa kama sauti ya mababu.

Alama mbili zina historia ya karibu sana. Auseklis, nyota ya ncha nane, inaweza kuchorwa kwa mstari mmoja bila kuinua kalamu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Walatvia waliivaa kifuani kama beji ya kudai uhuru. Yalikuwa majira yale yale ya tarehe 23 Agosti 1989, watu karibu milioni mbili waliposhikana mikono kutoka Vilnius kupitia Riga mpaka Tallinn. Hiyo ni maana halisi kabisa, ina tarehe na ina mashahidi walio hai.

Nyingine ni swastika, ambayo hapa huitwa msalaba wa moto. Ilikuwa kwenye glavu za mabibi, na ndege za kijeshi za Latvia huru zilipakwa alama hiyo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Wapo wanaosema irudishwe kwa kuwa ni yao tangu kale. Ni yao, ndiyo. Lakini nimepita Rumbula jana, na kwangu glavu hiyo ibaki ndani ya kabati la kioo ikiwa na maelezo kamili ubavuni.

Glavu za kawaida nilizishika jioni, zile za dole gumba peke yake. Bibi harusi wa zamani alijaza sanduku zima kabla ya siku yake, kisha akazigawa kwa wakwe, mashemeji na mawifi, nyingine akaziacha juu ya meko, mlangoni na zizini alipoingia nyumba mpya. Riga ilipopokea mkutano wa NATO mwaka 2006, wageni waligawiwa jozi 4,500 zilizofumwa kwa mkono. Zimefumwa kwa sindano nyembamba mno. Unapitisha kidole ndani na hugusi fundo hata moja.

Jumapili, 22 Juni. Riga hadi Rucava

Niliamka alfajiri kuwahi basi la Liepāja, na angani nikakuta jambo. Upande wa mashariki, juu kidogo ya mapaa, Zuhura, ile Nyota ya Asubuhi, ilikuwa inawaka peke yake kwenye weupe wa alfajiri, na kando yake mwezi mwembamba wa mwisho, umekatwa. Mwezi uliokatwa kwa upanga, ameegemea nyota ya mwenzake! Wimbo wa kwenye karatasi ya sentimita 3 kwa 11 ulikuwa unachezwa pale juu. Nikaelewa kwamba ule wimbo umetungwa na mtu aliyetazama anga vizuri. Mwezi hupita karibu na Zuhura siku za mwisho ukiwa unaisha, siku chache baadaye hauonekani kabisa, na anayetazama kila alfajiri anaona uhusiano kati ya kile kisa na kile kifo.

Walithuania wana wimbo wa kisa hicho hicho, uliochapishwa na Liudvikas Rėza mwaka 1825. Kwao Mwezi alimwoa Jua katika majira ya kwanza ya kuchipua. Jua aliamka mapema, Mwezi akaachana naye, akatembea peke yake na kumpenda Aušrinė, nyota ya alfajiri. Aliyempasua ni Perkūnas, mungu wa radi. Upanga umebadili mkono, kosa ni lile lile.

Safari ya basi haina la kusimulia: misitu, mashamba, korongo weupe mashambani.

Jumatatu, 23 Juni. Karibu na Rucava

Rucava iko pembe ya kusini-magharibi ya Latvia, jirani na mpaka. Leo ni Līgo, mkesha wa Jāņi, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na nchi nzima imehamia shamba. Nimekaribishwa kwenye nyumba ya familia moja. Bibi mwenye nyumba hana Kiingereza, mjukuu wake ndiye anayetutafsiria.

Kazi ilianza asubuhi. Wanawake walisuka mashada ya maua ya porini, wanaume walivishwa mashada ya majani ya mwaloni, nami nikavishwa langu. Matawi yalifungwa kwenye mageti, milango na mazizi. Bibi alitoa jibini aliyoitengeneza mwenyewe, ya mviringo, ya manjano, yenye kisibiti. Ikakatwa vipande kama miale, ikaliwa kwa bia ya nyumbani. Wageni wote siku hii huitwa watoto wa Jānis, na kuingia kwa watu ni kwa kuimba. Mmoja anaongoza mstari, wengine wanaitikia *līgo, līgo*. Wanaofika wanamtania mwenye nyumba kuwa bia yake chungu, wenye nyumba wanawajibu kuwa wamechelewa na nguo zao zimechanika. Majibizano haya yaliendelea mpaka watu wakachoka kucheka.

Jua lilipozama, saa nne na ushee, moto ukawashwa juu ya mwinuko. Mwinuko una sababu: shamba linalofikiwa na mwanga wa moto huu litazaa. Vilima vingine navyo vikawaka, kimoja kimoja, mbali. Hakuna giza la kweli usiku huu; kaskazini kulibaki na utepe wa mwanga uliosogea taratibu kutoka upande lilikozama jua kwenda upande litakakotokea. Ukiutazama utepe huo huna haja ya kuelezwa kwa nini daina zinasema Jua halilali, bali usiku husafiri kwa mashua.

Nilimwuliza bibi kuhusu mshipi wake, alioufuma akiwa msichana. Alama hii inaitwaje? Mjukuu, ambaye ana tattoo ya Auseklis mkononi, aliwahi kujibu: Jua. Bibi akamtazama, akasema jambo, wote wakacheka. Yeye alifundishwa na mama yake kwa hesabu, sio kwa majina: tatu juu, moja chini, tano juu. Majina ameyapata baadaye, kwenye vitabu. Nilipouliza kama hayo majina yanamkera, alikataa. Alisema mshipi ni wa kumlinda mtu asivunjike kiuno kwa kazi, na atakayeufunga auite atakavyo.

Tuliimba mpaka asubuhi. Anayelala usiku huu, wanasema, atasinzia kiangazi kizima.

Jumanne, 24 Juni. Rucava hadi Palanga

Saa kumi na moja kasorobo hivi jua likachomoza. Kabla yake Zuhura ilikuwa ingalipo, hafifu. Wanawake walinawa uso kwa umande wa nyasi. Bibi aliimba ule wimbo usemao Jua anacheza ngoma juu ya kilima cha fedha, na viatu vya fedha miguuni. Kwenye joto la makaa yaliyobaki duara la jua lilikuwa kweli linatikisika pembeni.

Mchana nililala ndani ya gari walilonipa lifti mpaka Lithuania. Huko Šventoji, kando ya bahari, zimesimamishwa nguzo za mbao zilizochongwa, kwa kufuata mashimo ya nguzo yaliyochimbuliwa kwenye kilima cha Birutė pale Palanga. Watafiti waliona kwamba nguzo za kale zilisaidia kufuatilia mahali jua linapozama katika siku mbalimbali za mwaka. Leo pia ni sikukuu, maduka yamefungwa, na upepo wa bahari ni mkali.

Jumatano, 25 Juni. Šiauliai

Mlima wa Misalaba uko kilomita 12 hivi kaskazini mwa mji. Ni kilima kidogo, na misalaba juu yake haihesabiki. Inasemekana ya kwanza iliwekwa kuwakumbuka waliokufa katika uasi wa 1831 dhidi ya Urusi. Wasovieti waliifyeka kwa tingatinga mwaka 1961 na tena baadaye. Watu wakarudi usiku na mingine. Papa Yohane Paulo II alifika Septemba 1993.

Mimi nilikuwa nimekuja kutazama vichwa vya misalaba. Hapa nilipata nilichokikosa kwenye mshipi. Fundi wa Kilithuania akichonga msalaba, mahali mbao mbili zinapokutana huweka duara la miale, na kwenye msalaba wa chuma kilichofuliwa, miale hutoka pande zote, na mara nyingi mwezi mwandamo umelala chini yake, ncha zikiangalia juu. Vyuma hivyo huitwa *saulutė*, kijijua. Jina hili linatoka kwa mafundi na watumiaji wenyewe. Kwa hiyo hapa jua ni jua, mwezi ni mwezi, vimewekwa waziwazi juu ya ishara ya Kikristo, na padri akavibariki. Ufundi huu wa misalaba ulitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa kulindwa.

Tukumbuke kwamba Lithuania ilibatizwa mwaka 1387, na eneo la Žemaitija mwaka 1413, mwisho kabisa Ulaya. Katika miaka hiyo Hieronymus wa Praha alihubiri hapa, na habari zake ziliandikwa na yule aliyekuja kuwa Papa Pius wa Pili. Alikuta watu wanaoheshimu nyundo kubwa ya chuma. Makuhani wao walimweleza kwamba zamani jua halikuonekana kwa miezi mingi, mfalme mmoja mwenye nguvu alikuwa amelifungia ndani ya mnara, mpaka ishara za zodiaki zikauvunja mnara kwa nyundo hiyo na kulirudisha kwa watu. Mtu aliyepitisha hapa Desemba moja hatauona mnara huo kuwa wa ajabu.

Mjini nilinunua mshipi mwembamba. Muuzaji alinitajia majina ya nakshi za Kilithuania: *katpėdėlės*, nyayo za paka, *grėbliukai*, reki ndogo, *dobiliukai*, majani ya klova. Paka, reki, klova. Na katikati yao, bila kupewa heshima zaidi, *žvaigždutės*, vinyota.

Alhamisi, 26 Juni. Kulionys

Kutwa nzima ya mabasi mpaka wilaya ya Molėtai, nchi ya maziwa na misonobari. Katika kijiji cha Kulionys, jirani na kituo cha wanaastronomia, kuna Makumbusho ya Etnokosmolojia, yaliyoanzishwa mwaka 1990. Mnara wake una mita 45. Lithuania ilitangaza kurudisha uhuru wake mwaka huo huo, na miongoni mwa mambo iliyoyajenga ni nyumba ya kuuliza binadamu aliionaje anga. Nchi hii naipenda kwa hilo peke yake.

Juni si mwezi wa nyota huku, mbingu haziiva giza. Nilijifunza majina kwa mchana. Dubu Mkubwa kwao ni mkokoteni. Njia Nyeupe ni Njia ya Ndege, kwa kuwa ndege wanaohama waliaminiwa kuifuata. Na Kilimia chetu wao wanakiita *Sietynas*, kutokana na chekecheo. Katika usiku mrefu wa baridi wakulima walikitazama kujua saa. Kwetu Pangani wazee wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu wasiojuana, kundi moja la nyota, kazi moja ya kupanga shamba. Cha kushangaza ni kwamba chekecheo hilo, lililowafaa kiasi hicho, sikulikuta likitajwa miongoni mwa nakshi zozote nilizoelezwa. Elimu ya anga waliyoihitaji sana kwa kazi waliibeba kichwani na mdomoni.

Ijumaa, 27 Juni. Vilnius

Mwanaakiolojia Marija Gimbutas, aliyezaliwa mji huu mwaka 1921 na kufariki Los Angeles mwaka 1994, aliandika mwaka 1958 kitabu juu ya ishara za kale katika sanaa za jadi za Lithuania. Aliona jua, mwezi, nyoka na mti wa uhai kwenye misalaba ya njiani na kwenye mbao za kushikia sufu wakati wa kusokota. Baada ya Šiauliai namkubali zaidi kwenye mbao na chuma kuliko kwenye nyuzi.

Leo nimezitazama mbao hizo kwa karibu. Kijana aliichonga moja na kumpa msichana aliyemtaka. Katikati kuna ua la petali sita ndani ya duara, na kuzunguka duara miale mifupi ya patasi. Ukiinama unaona vitundu: kimoja cha katikati, sita ukingoni, mahali bikari ilipochomekwa. Bikari ikizungushwa bila kubadili kipimo, petali sita zinakuja zenyewe. Mbao inapenda duara, mtande unalikataa. Aliyekuwa na bikari alipata jua la mviringo, dada yake penye nyuzi akapata pembe nne, na huenda walikuwa wanaimba wimbo mmoja nyumbani.

Alasiri nilikwenda kwa mwalimu wa *sodai*, "bustani" za mabua, yaani mapambo ya kutundika; moja huitwa *sodas*. Desemba 2023, kwenye kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliingiza ufundi huu kwenye orodha ya urithi usioshikika. Sodas hutundikwa juu ya meza ya harusi, wakati mwingine juu ya kitanda cha mtoto mchanga. Wapo wanaoutaja kuwa mfano wa ulimwengu, wa juu na wa chini vikikutana katikati. Mwalimu hakulipinga hilo, ila alisisitiza mengine: mabua yawe ya rai, nafaka ya mkate wao mweusi, yakatwe kabla hayajakauka kabisa, yalowekwe ili yasipasuke, na wanawake waimbe wanapofunga.

Umbo la msingi linahitaji mabua kumi na mawili yenye urefu sawa na uzi mmoja mrefu. Unapitisha uzi ndani ya manne na kuyafunga yawe mraba. Manne mengine yanapanda kutoka kwenye pembe na kukutana juu, manne ya mwisho yanashuka na kukutana chini. Hilo ni kubwa. Kisha unatengeneza madogo kwa namna ile ile, moja kwa kila pembe ya mraba na moja kwa ncha ya chini, na mengine ukipenda ndani yake. Mwalimu anakaza kila fundo kwa meno.